Umeambiwa Una Sukari: Mwongozo wa Miezi Mitatu ya Kwanza

Nesi aligeuza mashine nisome mwenyewe: 14.2. Nilikuwa nimekwenda kupima malaria, maana uchovu ulinizidi na usiku nilikuwa naamka mara nne kwenda msalani. Daktari akaandika vidonge, akasema "punguza wanga, fanya mazoezi, rudi baada ya mwezi," kisha akaita mgonjwa mwingine. Dakika tano hazikufika. Nikatoka na mfuko wa dawa na swali moja tu: usiku huu nile nini?

Haya ni majibu ambayo ningependa kupewa siku ile. Yanahusu kisukari cha aina ya pili, kwa mtu mzima asiye na mimba. Kama wewe ni mwembamba na unakonda kwa kasi, au unatapika na kuhema, usiendelee kusoma. Rudi hospitali leo. Huenda kisukari chako ni cha aina nyingine, na hicho hakingoji mambo ya sahani.

Siku ya kwanza: zielewe namba zako

Kwetu Tanzania mashine nyingi husoma kwa mmol/L. Ukikutana na namba kama 180 au 250, hiyo ni mg/dL. Igawanye kwa 18. Kisukari hutajwa pale sukari ya asubuhi kabla ya kula inapofika 7.0 au zaidi, au ya saa yoyote inapofika 11.1 na mtu ana dalili: kiu, kukojoa sana, kukonda, kuona ukungu. Kama huna dalili yoyote na ulipimwa mara moja tu, omba kurudia siku nyingine kabla ya kukubali jina la ugonjwa.

Kipimo kingine ni HbA1c, kinachoonyesha wastani wa kama miezi mitatu, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi takribani siku 120 na sukari hujibandika humo. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Kifanye mapema ukipata nafasi, uwe na pa kuanzia kulinganisha.

Shabaha ya watu wengi ni hii: asubuhi kabla ya kula, kati ya 4.4 na 7.2, saa mbili baada ya kuanza kula, chini ya 10, HbA1c chini ya 7. Mzee sana, au mwenye maradhi mengine mazito, daktari anaweza kumlegezea.

Sasa, nini kimeharibika? Mimi nilielewa siku nilipofikiria kituo cha daladala. Wanga wote unaokula, uwe ugali, wali au andazi, hugeuka sukari na kujaa kituoni, yaani kwenye damu. Insulini, homoni inayotolewa na kongosho, ni kondakta: kazi yake kuwapakia abiria kwenye magari, ambayo ni misuli na ini. Katika aina ya pili magari yamejaa. Kondakta anapiga kelele, anashindilia, mlango haufungi, na abiria wanabaki kituoni. Miaka ikipita, sauti yake nayo inakauka. Kwa hiyo una njia mbili: kupunguza abiria wanaoletwa kituoni kwa mpigo, na kuyafanya magari yashushe waliomo. Chakula ni ile ya kwanza, mazoezi ni ya pili.

Wiki ya kwanza: anza na kikombe, sahani iache kwanza

Watu hukimbilia kuacha ugali siku ya kwanza, siku ya nne wameshindwa. Anza na unachokunywa, maana sukari ya kinywaji haina cha kuichelewesha tumboni.

Hesabu chai yako. Mimi nilikuwa nakunywa vikombe vinne, vijiko vitatu kila kimoja: vijiko kumi na viwili kwa siku kabla sijatia kitu mdomoni. Soda ya chupa ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko vinane. Juisi ya miwa ni sukari iliyokamuliwa, haina jina lingine. Juisi ya embe unayosaga nyumbani "bila kuongeza kitu" ina maembe matatu ambayo usingeyala kwa kukaa mara moja. Asali na sukari guru visikudanganye. Kwenye mashine vyote ni sukari.

Sikuacha kwa siku moja. Nilipunguza nusu kijiko kila baada ya siku chache, nikaongeza tangawizi, iliki na mchaimchai hadi ulimi ukasahau. Kama huwezi kabisa bila utamu, vidonge vya utamu visivyo na sukari vitakuvusha. Maji ndiyo kinywaji chako sasa. Pombe, ikiwa unatumia, iwe kidogo na usinywe tumbo likiwa tupu, hasa kama uko kwenye dawa zinazoshusha sukari.

Wiki ya pili na ya tatu: sahani

Hapa ndipo penye kazi.

Siku moja nilichukua mizani ambayo mke wangu hupimia unga wa keki, nikauweka ugali wangu wa kila usiku kabla sijaumega. Gramu 620. Ugali mgumu una wanga karibu robo ya uzito wake, kwa hiyo pale palikuwa na gramu 155 za wanga. Ukizigeuza kuwa sukari ya mezani ni vijiko vya chai karibu arobaini. Pembeni, mchicha: vijiko viwili vya kulia. Kipande cha samaki kilikuwa kama kadi ya kupigia kura. Mke wangu akacheka: "Sasa hapo mboga ni ipi na chakula ni kipi?" Alikuwa amegusa penyewe. Sisi tunaita ugali chakula na vingine vyote mboga, kana kwamba ni vya kusindikizia.

Geuza sahani. Chukua sahani bapa ya kawaida, si ile kubwa ya kupakulia. Nusu yake ijaze mboga za majani na jamii yake: mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, bamia, nyanya chungu, bilinganya, mlenda, kachumbari. Robo iwe samaki, dagaa, kuku, mayai, nyama isiyo na mafuta mengi, au maharage, kunde, choroko. Robo inayobaki ndiyo ya wanga: ugali wa ukubwa wa ngumi yako, au wali kikombe kimoja ukiwa umeshaiva, au chapati moja. Ndiyo, moja. Chapati moja ya kusukuma ina wanga karibu sawa na kile kikombe cha wali, na mafuta juu yake.

Kama mnakula kwenye sinia moja, kipimo kinapotea, maana mkono haujui kuhesabu matonge. Usijitenge na familia. Pakua ya kwako kwenye sahani, kaa palepale mkekani. Wiki ya kwanza watakushangaa, ya pili watazoea.

Anza na mboga na samaki, wanga umalizie. Mpangilio huo peke yake hupunguza sukari inavyopanda baada ya mlo, kwa kuwa nyuzi za mboga, protini na mafuta huchelewesha tumbo kumwaga wanga. Haugharimu hata senti.

Mambo matatu yanayowachanganya watu:

Dona ni bora kuliko sembe, lina nyuzi na virutubisho zaidi. Lakini mlima wa dona bado ni mlima. Vivyo hivyo mtama na ulezi.

Uji. Mgonjwa wa kisukari akifika nyumbani, jambo la kwanza anapikiwa uji wa lishe "apate nguvu". Nafaka iliyosagwa laini ikachemshwa na maji huingia kwenye damu haraka kuliko nafaka ileile ikiwa ngumu. Bakuli kubwa la uji wa ulezi lilinipandisha kuliko ugali. Ukiupenda, kikombe kimoja, bila sukari, na yai au karanga pembeni.

Matunda hayakatazwi. Yale, usiyanywe. Chungwa moja, kipande cha papai, nusu embe dodo, ndizi moja ndogo: kimoja kwa wakati, si sahani nzima ya mchanganyiko baada ya wali. Parachichi lina wanga kidogo sana, ila lina mafuta ya kunenepesha, kwa hiyo nusu inatosha.

Tukumbuke na nazi na mafuta. Havipandishi sukari papo hapo, lakini kitambi ndicho kilichojaza yale magari. Mboga haihitaji tui zito kila siku, na mchicha wa kuungwa kwa kijiko kimoja cha mafuta unalika vizuri tu. Chipsi mayai, rafiki yangu mkubwa wa zamani, siku hizi tunasalimiana kwa mbali.

Siku yangu ya kawaida iko hivi. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha kiazi kitamu cha ukubwa wa nusu ngumi, nyanya na tango, chai kavu. Mchana nala kwa mama ntilie. Siku ya kwanza nilimwambia: "Mama, wali nusu, maharage na mboga za majani uniongezee." Akanitazama. "Baba, hela ni ileile lakini." "Sawa, mama." Siku hizi akiniona tu anajua, na wateja wake wengine wawili wameanza kuagiza "ile ya baba wa sukari". Usiku ugali ngumi moja, dagaa au samaki, mboga nusu sahani, na najitahidi niwe nimemaliza kabla ya saa mbili. Nikisikia njaa katikati, karanga za kiganjani au mtindi usio na sukari.

Raba: anza mapema, polepole

Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kumsubiri kondakta, na baada ya mazoezi mwili huendelea kuitikia insulini vizuri zaidi kwa siku nzima, wakati mwingine mbili. Ndiyo maana inashauriwa usipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya chochote. Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo lakini bado unaweza kuzungumza. Kama unaweza kuimba, ongeza mwendo.

Usianze na 150. Anza na dakika kumi baada ya chakula cha jioni, kila siku. Wiki inayofuata kumi na tano. Kutembea mara tu baada ya kula kunakata kule kupanda kwa sukari kwenyewe, wakati abiria ndio wanaingia kituoni. Mtaa wetu hauna taa, kwa hiyo mimi huzunguka uani na kwenye uchochoro hadi duka la kona, mizunguko kumi na miwili, watoto wakinihesabia kwa sauti. Asubuhi nashuka daladala kituo kimoja kabla.

Mara mbili au tatu kwa wiki ongeza mazoezi ya nguvu, kwa sababu misuli zaidi ni magari zaidi. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika kitu, kaa tena: mara kumi. Sukuma ukuta kwa mikono: mara kumi. Nyanyua madumu mawili ya lita tano, yaliyojaa maji nusu kwanza. Rudia mzunguko mara mbili au tatu.

Miguu sasa ni mali. Sukari ya muda mrefu huua hisia za nyayo, ukachomwa na msumari usijue. Tembea na raba na soksi, si ndala, na usiende peku hata uani. Jioni kagua nyayo na katikati ya vidole. Usipoona vizuri, tumia kioo au mwambie mtoto akuangalizie. Ukiona kidonda, ahirisha matembezi na uende kituo cha afya, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi.

Usifanye mazoezi siku ambayo sukari iko juu ya 16 na unajisikia vibaya. Ukibanwa na kifua, simama uende hospitali. Na kabla ya kubeba vitu vizito, pima macho kwanza, maana mishipa ya jicho iliyolegea huweza kuvuja damu.

Stripu chache, majibu mengi

Mashine inaweza kuwa na bei nafuu. Stripu, vile vijikaratasi vya kupokelea damu, ndizo zinazomaliza pesa. Watu wengi huzitumia zote asubuhi, kisha hukata tamaa kwa sababu namba ya asubuhi ndiyo ya mwisho kushuka. Usiku, hata ukilala njaa, ini lenyewe hutoa sukari. Hukula kitu, na bado asubuhi ni 8.

Pima kwa jozi. Chagua mlo mmoja, pima kabla, halafu saa mbili baada ya tonge la kwanza. Jozi tatu kwa wiki ni stripu sita. Ikipanda kwa 2 au 3 tu, mlo huo unakufaa. Ikipanda kwa 5, kuna kitu cha kubadilisha. Daftari langu la mwezi wa kwanza lina mistari hii: "Wali wa nazi sahani, samaki, mchicha kidogo: 7.4, baadaye 13.1." Chini yake, wiki iliyofuata: "Wali kikombe, samaki yuleyule, mchicha nusu sahani, nimetembea robo saa: 7.2, baadaye 9.3." Mpishi mmoja, sufuria moja. Mistari hiyo miwili ilinifundisha kuliko mabango yote ya kliniki.

Nawa mikono kwa sabuni na ukauke kabla ya kujichoma; ukiwa umetoka kumenya embe, mashine itapima embe. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati. Stripu zikae kwenye kopo lake lililofungwa, mbali na joto na unyevu, wala si kwenye friji.

Sukari ikishuka

Ukitumia vidonge vya metformini peke yake, hatari hii ni ndogo. Ukiwa kwenye vidonge vya glibenklamidi au gliklazidi, au kwenye sindano za insulini, ukapunguza ugali na kuanza kutembea bila kumwambia daktari, sukari inaweza kuanguka. Mwambie mapema, huenda akapunguza dozi.

Dalili: kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Chini ya 4 ni imeshuka. Kama huna mashine, chukulia imeshuka. Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena; bado, rudia. Ikipanda, kula kitu kidogo. Mtu aliyezimia usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Nina pakiti ndogo ya glukosi kwenye mfuko wa shati, na nyumbani kila mtu anajua kazi yake.

Wageni, harusi na Ramadhani

Mama yangu aliponiona baada ya miezi miwili, kilo sita pungufu, alishika mdomo: "Mwanangu, umekwisha! Kwani hupikiwi?" Kwetu kunenepa ni kuolewa vizuri na kukonda ni kuumwa. Nilimweleza mara tatu, mara ya nne nilimwonyesha daftari. Mwenyeji akikusukumia pilau, kukataa ni kumvunjia heshima. Pokea, pakua kidogo, chukua nyama na kachumbari kwa wingi, kula polepole. Sahani tupu ndiyo inayoongezwa, kwa hiyo usiimalize mapema.

Mfungaji wa Ramadhani amwone daktari wiki sita hadi nane kabla, dozi na saa zake zipangwe upya. Wapo ambao daktari atawaambia wasifunge, na dini imewapa ruhusa. Kujichoma kidole kupima hakufunguzi, kwa kauli ya wanazuoni wengi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.6, fungua. Futari ianze na maji na tende moja hadi tatu ndogo, kisha supu na samaki. Uchague kati ya viazi, magimbi, mihogo na tambi, visikutane vyote sahani moja. Daku ichelewe, na iwe na mayai au maharage, si chai na maandazi.

Vidonge, mitishamba na habari ya kupona

Kupewa vidonge hakumaanishi umeshindwa. Sukari ikianza juu sana, chakula peke yake huchukua muda mrefu mno, na mishipa ya macho na figo haisubiri. Metformini hukoroga tumbo wiki za mwanzo. Inywe katikati ya chakula, ikizidi uombe ile inayoyeyuka taratibu.

Utaletewa mlonge, uwatu, mdalasini, majani ya mstafeli na chupa isiyo na lebo. Mlonge kama mboga, kula. Chupa isiyo na lebo achana nayo, na usiache dozi kwa ajili ya chochote kati ya hivyo.

Je, hupona? Utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT, uliotoa matokeo yake mwaka 2017, uliwachukua watu waliogundulika ndani ya miaka sita, ukawapunguza uzito kwa mlo mdogo sana chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, asilimia 46 sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86. Watafiti wenyewe hawakuita kupona, maana uzito ukirudi sukari hurudi. Lakini mtu mwenye kitambi aliyegundulika juzi ana nafasi ambayo aliyekaa nayo miaka ishirini hana. Hata asilimia 5 hadi 7 ya uzito wako, yaani kilo nne hadi sita kwa mtu wa kilo 85, zinaonekana kwenye mashine. Kama huna uzito wa ziada, na kwetu wapo wengi wa namna hiyo, usijikondeshe. Shika kipimo cha wanga na mazoezi ya nguvu.

Mwezi wa tatu: rudi na daftari

Rudia HbA1c. Pima presha, omba mkojo uangaliwe protini na damu iangaliwe figo na mafuta, na macho yapimwe kwa dawa ya kupanua mboni. Yafanyike mwaka huohuo wa kwanza, kwa sababu aina ya pili mara nyingi hukaa mwilini miaka kabla ya kujulikana. Safari ile nilimfungulia daktari daftari kabla hajauliza kitu. Alisoma kurasa mbili, akavuta kiti, na mara hii hakuita mgonjwa mwingine. Aliniuliza ule wali kikombe kimoja naupimia kikombe gani. Nilikuwa nacho kwenye mfuko: cha plastiki, cha bluu, kimepasuka mpini.